Swali la msomaji: Nitachanganyaje vimiminika katika neli ya majaribio bila kuziba kwa kidole?

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne katika shule ya kutwa hapa Eastlands, Nairobi. Katika mtihani wa majaribio ya kemia muhula uliopita tulipewa myeyusho usio na rangi, tukaambiwa tuongeze haidroksidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, tone kwa tone hadi izidi. Nilipata mashapo meupe, yaani vipande vigumu vilivyojitokeza ndani ya kimiminika. Nikaongeza alkali zaidi lakini mashapo yakabaki palepale chini ya neli, nikaandika kwamba hayayeyuki. Mwenzangu aliyetumia myeyusho uleule aliandika kwamba yaliyeyuka, na ndiye aliyepata alama. Tofauti ninayoijua ni kwamba yeye aliuziba mdomo wa neli kwa kidole gumba akaitikisa kwa nguvu. Mimi niliogopa, nikaiacha isimame kwenye kishikio. Mwalimu wetu hutukataza kutumia kidole, lakini maabara yetu ina vizibo vichache na hata neli tunagawana. Baadaye nilijaribu njia hiyo ya kidole, ngozi ikateleza kama sabuni na ikaniwasha hadi jioni. Njia sahihi ya kuchanganya ni ipi? Je, naweza kujizoeza nyumbani?"

Mwanangu, kabla ya lolote ningependa kuyatenganisha mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja. La kwanza ni kwamba mashapo yako hayakuyeyuka ilhali ya mwenzako yaliyeyuka. La pili ni kwamba mwenzako alitumia kidole gumba. Umehitimisha kuwa kidole ndicho kilichompa alama, na sivyo. Alipata alama kwa sababu vimiminika vyake vilichanganyika. Kidole kilimwongezea hatari tu, na angeyapata matokeo yaleyale kwa kuigonga neli taratibu kwa namna nitakayoieleza. Wewe nawe hukuandika uongo. Uliandika ulichokiona, ila ulichokiona hakikuwa tabia ya kemikali ile bali hali ya neli ambayo bado haijachanganywa.

Watu wengi huamini kwamba vimiminika viwili vinavyoyeyukiana, vikishatiwa katika chombo kimoja, huchanganyika vyenyewe mara moja. Katika ndoo pana, nguvu ya kumimina huweza kuifanya kazi hiyo. Neli ya majaribio ni habari nyingine. Neli ya kawaida ya shuleni ina kipenyo cha milimita 16 hivi na urefu wa milimita 150. Katika nafasi nyembamba namna hiyo kila sehemu ya kimiminika iko karibu na ukuta wa kioo, na ukuta huo hukizuia kimiminika kinachougusa kisisogee, kwa hiyo msukosuko unaoletwa na tone linaloanguka hufifia karibu papo hapo. Kinachobaki ni mtawanyiko, yaani chembe kusambaa zenyewe kidogo kidogo kwa kusukumwa huku na huku na molekuli za maji, na mwendo huo ni wa polepole kupita wengi wanavyodhani. Ayoni ndogo, yaani chembe yenye chaji ya umeme, ndani ya maji yaliyotulia huhitaji takriban saa 14 ili isogee wastani wa sentimita moja kwa njia hiyo peke yake. Sentimita mbili nazo hazihitaji muda maradufu bali mara nne, kwa kuwa muda hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza Kidato cha Nne, huchukua saa mbili na robo, na katika muda huo dakika 15 za mwanzo ni za kusoma maswali tu. Ukiiacha neli isimame kwenye kishikio, mtihani unaweza kwisha na alkali uliyoiongeza bado haijachanganyika vizuri na mashapo yaliyotua chini.

Tuyaangalie mashapo yenyewe, maana hapa ndipo alama zinapopotea. Haidroksidi ya sodiamu ikitoneshwa katika myeyusho usio na rangi na kutoa mashapo meupe, huenda mna ayoni za zinki, alumini, risasi, kalsiamu au magnesiamu. Mashapo ya zinki, alumini na risasi huyeyuka alkali ikizidi. Ya kalsiamu na magnesiamu hayayeyuki. Mtahini anataka ulitambue kundi moja na kulitenga na lile jingine, na jibu lote linategemea kama alkali ya ziada imeyagusa mashapo. Haidroksidi za zinki na alumini zina ute, hushikamana katika mabonge laini, na bonge likishajifunga, sehemu yake ya ndani hukingwa na ile ya nje. Ayoni za ziada sharti zilifikie bonge, zilimeng'enye kutoka nje, halafu ziingie nyingine mahali pa zile zilizokwisha tumika. Bila kusukwasukwa, kimiminika kinacholizunguka bonge huishiwa na alkali na kazi husimama, hata kama umekwisha kumimina nusu ya neli.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo hulioni katika swali lako lakini nalitaja kwa sababu anayeogopa kosa la kwanza hukimbilia hili. Ukimimina alkali nyingi kwa mkupuo mmoja na kuikoroga, mashapo ya zinki huweza kutokea na kutoweka kabla jicho halijayaona, nawe ukaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana maelekezo husema tone kwa tone. Tonesha matone mawili au matatu, changanya, tazama, andika. Tonesha tena, changanya, tazama. Kuchanganya kunakuja baada ya kila nyongeza, si mara moja mwishoni, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hawakuwahi kuambiwa waziwazi.

Kiasi nacho kina neno lake. Anza na mililita 2 za myeyusho, ambazo katika neli ya kawaida hufikia kimo cha upana wa kidole kimoja hivi. Kama huna cha kupimia, matone 20 ya dropa ya kawaida hukaribia mililita moja. Mwanafunzi anayeanza na mililita 6 au 7 kwa kudhani kwamba nyingi huonekana vizuri zaidi amejifungia njia mwenyewe, kwa kuwa alkali ya kuzidisha kiasi hicho itaijaza neli hadi karibu na mdomo, na neli iliyojaa haichanganyiki kwa njia yoyote salama. Kila kitu kikishaingia, kimiminika kisizidi theluthi moja ya urefu wa neli. Nafasi tupu iliyo juu ndiyo inayokiruhusu kimiminika kupanda na kuzunguka bila kumwagika.

Njia yenyewe ni hii. Vaa miwani ya kinga. Ishike neli karibu na mdomo wake kwa kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata vya mkono usioutumia sana, uishike imara lakini si kwa kuibana, ili sehemu ya chini iwe huru kuyumba. Ielekeze pembeni kidogo, mdomo usimkabili mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo. Kisha kwa ncha ya kidole cha shahada cha mkono mwingine, gonga ubavu wa neli karibu na kitako chake, kwa mipigo mifupi inayofuatana haraka. Usigonge kutoka chini kwenda juu, kwa maana hapo kimiminika huruka. Gonga kutoka ubavuni, ili kitako kiyumbe na kurudi. Utaona kimiminika kikianza kuzunguka na kupanda kwenye kuta. Sekunde tano hadi kumi hutosha kwa mililita chache. Wengine hupendelea kuzungusha kifundo cha mkono huku neli imeshikwa kwa juu. Ni sawa pia, ingawa katika neli nyembamba mzunguko huo mara nyingi hufika nusu tu na kuyaacha mashapo ya chini yamelala, kwa hiyo mimi nakushauri ugonge.

Utajuaje kwamba mchanganyiko umekamilika? Iinue neli mbele ya dirisha na utazame ndani yake. Vimiminika viwili vyenye ukolezi tofauti hupinda mwanga kwa viwango tofauti, na pale vinapokutana bila kuchanganyika vizuri utaona michirizi inayocheza ndani ya kimiminika kisicho na rangi. Michirizi ikiisha, kimiminika kimekuwa kimoja. Kama kuna mashapo, yatazame yakiwa yameinuka na kusambaa, si yakiwa yametua, kisha uongeze matone mengine. Ukifika kwenye alkali ya kutosha, myeyusho wenye zinki utakuwa maangavu wote, bila mashapo. Usiamue kwamba mashapo hayayeyuki mpaka uwe umeongeza alkali inayozidi ujazo ulioanza nao na kuigonga neli vizuri kila mara.

Kijiti cha kioo kina mahali pake, hasa mashapo yanapokuwa mazito kiasi kwamba kugonga hakuyainui. Kipandishe na kukishusha taratibu kwa mwendo wa mviringo, na usikigonge kwenye kitako cha neli, kwa kuwa kitako ndicho chepesi kutoboka. Tatizo la kijiti ni uchafuzi. Kikitoka katika neli moja na kuingia katika nyingine bila kusuuzwa, hubeba matone yanayotosha kuharibu jaribio la amonia, ambalo ndilo hutenganisha zinki na alumini: mashapo ya zinki huyeyuka katika amonia iliyozidi, ya alumini hayayeyuki. Mabaki ya haidroksidi ya sodiamu kwenye kijiti yanaweza kukuchezea hapo.

Kizibo cha mpira nacho huhitajika mara chache kuliko mnavyodhani, na kwa hiyo uhaba wenu wa vizibo si kikwazo kikubwa. Hutumika pale vimiminika viwili visipoyeyukiana, kwa mfano mafuta na maji ya bromini, ambapo lazima vitikiswe ili vikutane. Hata hapo kizibo kiwe safi, kishikiliwe kwa kidole, neli igeuzwe juu chini taratibu, na kifunguliwe kila baada ya muda ili kutoa mvuke uliojikusanya. Usiizibe kamwe neli ambayo ndani yake kunaweza kutoka gesi. Chukua mfano wa kaboneti ya sodiamu isiyo na maji, gramu 0.53, ambayo ni kidogo sana kwenye ncha ya kijiko cha maabara. Ikikutana na asidi ya kutosha hutoa gesi ya kaboni dioksidi ambayo hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 ambako kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani, huchukua nafasi ya takriban mililita 150. Neli yote hubeba mililita 20 hivi. Gesi hiyo itakirusha kizibo, au itakisukuma kidole gumba na kurusha asidi usoni, au ikikosa pa kutokea itaipasua neli. Katika majaribio ya ayoni hujui mapema kama myeyusho una kaboneti, kwa hiyo kanuni inayofaa ni kuuacha mdomo wazi kila unapoongeza asidi.

Hiyo ni sababu moja ya kukikataa kidole gumba. Nyingine umeihisi mwenyewe. Ule utelezi haukuwa tu unaofanana na sabuni. Haidroksidi ya sodiamu huyavunja mafuta ya ngozi na kuyafanya sabuni kwelikweli, kisha huendelea kuzidhuru protini za ngozi yenyewe. Alkali ina hila ya kutouma sana mwanzoni, na ndiyo maana watu huinawa kwa haraka na kuona imetosha, kumbe inaendelea kupenya. Kama myeyusho ungekuwa na risasi, ungekuwa umejipaka sumu ambayo ungeila na andazi la saa nne. Na kwa upande wa jaribio lenyewe, jasho la kidole lina chumvi ya kawaida, yaani kloridi ya sodiamu. Ukitafuta kloridi kwa naitreti ya fedha baada ya kuziba kwa kidole, unaweza kupata utandu mweupe ambao umetoka kwako mwenyewe.

Si kila jaribio linataka mchanganyiko kamili, na hapa ndipo mkono mzito huharibu. Ayoni za chuma(II) hutoa mashapo ya kijani pamoja na haidroksidi ya sodiamu, na mashapo hayo hugeuka kahawia yanapokutana na oksijeni ya hewa. Ukiitikisa neli kwa nguvu unaingiza hewa ndani ya kimiminika, rangi inabadilika mapema, nawe unaandika chuma(III), ambayo mashapo yake ndiyo ya kahawia. Gonga kidogo, andika rangi mara moja. Jaribio la pete ya kahawia kwa naitreti linakwenda mbali zaidi, kwa kuwa halitaki mchanganyiko kabisa: myeyusho wa naitreti na salfeti ya chuma(II) iliyoandaliwa muda huohuo hutiwa kwanza, kisha asidi ya salfuriki kali hushushwa polepole kwenye ukuta wa neli iliyoinamishwa. Asidi hiyo ina uzito wa gramu 1.84 kwa mililita, inazama chini, na pete hujitokeza kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili. Ukiigonga neli, pete haipo, na joto linaloachiliwa asidi kali inapochanganyika na maji ghafla linaweza kukichemsha na kukirusha kimiminika. Hilo liwe mikononi mwa mwalimu. Wataalamu wa maabara za hospitali nao wana uangalifu wa namna hiyo: neli ya damu yenye dawa ya kuzuia kuganda hugeuzwa taratibu mara nane hadi kumi, haitikiswi, kwa sababu chembe nyekundu zikipasuka hutoa potasiamu na vipimo huja na uongo.

Kuhusu kugawana neli, msiwe na wasiwasi mradi mnazisuuza ipasavyo. Maji ya bomba ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na kusafishwa Ngethu, hutiwa klorini, na ya visima vya kuchimba yana madini yake. Ni mazuri kwa kuosha, lakini yakibaki ndani ya neli huweza kuupa myeyusho wa naitreti ya fedha au ya risasi ukungu mweupe usio wa sampuli yako. Osha kwa maji ya bomba, kisha malizia kwa maji yaliyokenekwa, mara mbili za kiasi kidogo badala ya moja ya kiasi kikubwa. Ncha ya dropa isiguse ukuta wa neli, na kila chupa irudishiwe dropa yake. Neli yenye ufa, hata mdogo, iwekwe kando kabla hujaanza kuigonga.

Nyumbani unaweza kujizoeza, na nakuhimiza, lakini kwa maji tu. Tafuta kichupa chembamba cha kioo kilicho wazi, tia maji ya chumvi yenye rangi ya chakula, kisha shusha maji matupu juu yake polepole kwenye ukuta. Utaona tabaka mbili zikikaa. Sasa gonga kwa namna niliyoieleza na uhesabu sekunde hadi rangi iwe moja bila tone kuruka nje. Hilo linatosha kuufundisha mkono. Usinunue asidi mitaani, na usichanganye dawa za usafi zilizo bafuni ili kuona zitafanyaje: dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikikutana na sabuni ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo katika chumba kidogo inaweza kukufikisha hospitalini.

Kuhusu ngozi yako, kuwasha kulikoisha jioni pengine hakukuacha dhara. Likitokea tena, osha kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 20, usipake limau, dawa ya meno wala mafuta, kwa kuwa limau huongeza kidonda na hivyo vingine huifungia kemikali ndani. Ukiona malengelenge, weupe usio wa kawaida, maumivu yanayozidi au ngozi inayobambuka, nenda kliniki siku hiyohiyo na uitaje kemikali kwa jina. Tone likiingia jichoni, hata moja, anza kuosha hapohapo ukiwa umefungua kope, mtu mwingine aite usafiri, na uendelee kuosha hadi mpatapo daktari; alkali hupenya jicho haraka na jambo hilo halingoji kengele ya kwenda nyumbani.

Hatua ya mwisho siwezi kuifanya kwa maandishi. Mwombe mwalimu wako au fundi wa maabara dakika chache baada ya masomo, mkiwa na miwani, akupe myeyusho wa zinki, wa alumini na wa magnesiamu bila kukuambia upi ni upi, na akutazame mkono unapogonga. Mweleze pia yaliyotokea katika mtihani, pamoja na hilo la kidole. Ukizitambua zote tatu, mwombe abadilishe mpangilio ujaribu tena, safari hii ukitumia amonia.